Binti yangu alianguka kutoka kwa farasi, nami nikamwambia asimwambie baba yake

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Lanet, Nakuru.

Nina binti wa miaka 9, yuko Gredi 4. Krismasi iliyopita alipandishwa farasi ili apigwe picha, akazungushwa uwanjani mara mbili, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki: ni farasi asubuhi, farasi jioni. Nikaulizia huku na huku hadi nikapata shamba moja upande wa Njoro wanakofundisha watoto kila Jumamosi. Zamu yangu ya chama ilipofika nikalipia masomo 10 kwa mpigo, Sh20,000. Mume wangu anafanya kazi Kisumu, huja nyumbani kila baada ya wiki 2. Hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Alikubali shingo upande, akasema, "Siku atakayoanguka, mchezo huo umekwisha."

Ameanguka, Shangazi. Lilikuwa somo la 5. Watoto walikuwa 6, mwalimu mmoja na saisi mmoja, yaani mtunza farasi. Binti yangu hupewa farasi wa kahawia aliyestaafu mbio za Ngong. Ni mpole akisimama, lakini mgongo wake unanipita kimo mimi mtu mzima, na mtoto humpanda kutoka chini akijivuta kwa tandiko. Siku hiyo mwalimu aliwaambia waende telki, ule mwendo wa kurusharusha. Mimi nikiwa kwenye ua nikaona mwanangu amejikunja mbele, ameng'ang'ania hatamu, na farasi anazidisha mbio badala ya kupunguza. Kwenye kona tandiko likapinduka upande wa kushoto, likaenda naye. Aliangukia bega na kichwa. Alikuwa na helmeti ya baiskeli ya kaka yake, na raba za shule. Mwalimu alimpangusa vumbi, saisi akakaza mkanda wa tumbo la farasi, mtoto akapandishwa tena papo hapo huku analia. Mwalimu alinieleza kwamba asipopanda saa hiyo hiyo, woga utamkaa na hatapanda tena maishani.

Jioni ile alisema kichwa kinamuuma, akalala mapema. Wiki 2 zimepita, na mara mbili hivi amerudi kutoka shule akilalamika kichwa. Na hapa ndipo ninapojiona nimekosea: nilimwambia, "Usimwambie baba." Baba alipokuja akamwuliza, "Farasi hajambo?" Mtoto akajibu hajambo, kisha akaniangalia mimi. Yale macho hayajanitoka.

Sasa simwelewi. Ijumaa usiku hapati usingizi, Jumamosi asubuhi tumbo linamkata. Nikisema basi tuache, analia. Jumamosi iliyopita alikataa katakata kupanda, lakini akashinda na saisi akimsaidia kupiga farasi brashi, akarudi amechangamka ananuka zizi. Tukiwa kwenye matatu akaniambia neno ambalo sikulitarajia: "Mama, nilihisi tandiko linateleza kabla sijaanguka. Niliogopa kumwambia mwalimu, angesema mimi ni mwoga."

Mama mkwe anasema farasi ni mambo ya wazungu na matajiri. Mwalimu anasema nikimtoa sasa ninamfundisha kukata tamaa. Masomo 5 yamebaki na pesa hairudishwi. Nimwache aendelee mpaka woga umwishe, au nimtoe kabla hajaumia zaidi? Na baba yake nimwambie nini?

Mama wa Lanet

*

Mama wa Lanet, pole sana, na umfikishie binti pole zangu. Umeandika mambo madogo ambayo wengi wangeyaruka, kama vile nani alikaza mkanda na lini, na hayo ndiyo yamenisaidia kukuelewa.

Kabla ya lolote, kichwa. Mtoto aliyeangukia kichwa, akaumwa jioni hiyo, na wiki 2 baadaye bado analalamika, anahitaji kuonwa na daktari wiki hii, hata kama anacheza na kula vizuri. Mweleze daktari waziwazi kwamba ameanguka kutoka kwa farasi mrefu na akapandishwa tena. Ubongo uliotikisika huchukua muda kupona, na pigo la pili kabla haujapona laweza kuwa baya kuliko la kwanza. Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa au kuona vitu viwili viwili, usingoje kukuche. Mpaka daktari aruhusu, asipande farasi yeyote, hata wa kuzungushwa kwa picha. Hilo tu ndilo ninalokuambia kwa mkazo. Mengine tuyapime pamoja.

Swali lako umelijenga juu ya woga: aendelee mpaka umwishe, au umtoe. Mimi nikiisoma barua naona woga huo ulikuja baadaye, nyuma ya mambo mengine yaliyotangulia, na ningependa tuyatazame hayo kwanza.

Tandiko likipinduka, kitu cha kwanza cha kutazama ni mkanda wa tumbo. Farasi wengi hujaza kifua na kukaza misuli wanapofungwa mkanda huo. Wakishatembea kidogo wanalegea, kitambaa cha chini ya tandiko nacho kinabonyea, na mkanda uliokuwa umebana unapata nafasi. Ndiyo maana hukaguliwa mara tatu: kabla ya kupanda, mpandaji akishaketi, na tena baada ya dakika 5 hadi 10 za kutembea, kabla mtu hajaambiwa aende telki. Kipimo ni vidole viwili vilivyolala bapa kati ya mkanda na ngozi, viingie kwa kubana. Halafu mtoto anayejivuta kutoka chini hulivuta tandiko upande wa kushoto kila anapopanda. Kisanduku imara cha kukanyagia, cha kimo cha sentimita 50 hivi, kinapunguza sana tatizo hilo. Umesema saisi alikaza mkanda baada ya ajali. Maana yake ulikuwa bado na nafasi ya kukazwa, na mtoto wa miaka 9 hawezi kubebeshwa hilo.

Na ile kasi iliyozidi? Mtoto akishtuka hujikunja mbele, hubana miguu, huvuta hatamu. Miguu inayobana mbavuni, kwa farasi yeyote aliyefunzwa, ni amri ya kwenda. Kwa farasi wa mbio kuna la ziada: amezoea kukimbia akiegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, kwa hiyo wengi wao ukiwavutia hatamu mfululizo huzidi kusukuma mbele. Huenda farasi yule aliamini anatii. Binti naye alifanya kile ambacho mwili wa mtoto yeyote hufanya. Farasi waliostaafu mbio hufundishwa upya, na wengine huwa wazuri sana, lakini kazi hiyo huchukua miezi na hufanywa na mpandaji mzoefu. Pia farasi anayekupita kimo ni mrefu mno kwa mtoto huyu. Poni wa sentimita 115 hadi 135, kipimo cha kutoka chini hadi kwenye kinundu kati ya mabega, angemfaa zaidi: miguu ya mtoto hufika mbavuni mahali mnyama anapoihisi, na ardhi haiko mbali.

Vifaa navyo vinanitia wasiwasi. Helmeti ya baiskeli haikutengenezwa wala kupimwa kwa maanguko ya farasi, na mara nyingi huacha kisogo wazi. Ya farasi huwa na alama ya kiwango ndani yake, kwa mfano ASTM F1163 au EN 1384. Ikae sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, na mtoto akitikisa kichwa isizunguke. (Ijumaa msuke mistari inayolala kichwani. Nywele zilizofungwa fundo huiinua helmeti na kuifanya icheze.) Ile iliyogonga ardhi usimrudishie hata kaka yake kwa baiskeli, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu hata kama gamba la nje halina ufa. Raba nazo hazina kisigino, na mguu unaweza kupenya kwenye kikuku cha kukanyagia mpaka kifundoni. Akianguka hivyo ataburutwa, na sijui ajali ya farasi inayotisha kuliko hiyo. Viatu vya ngozi vya shule vyenye kisigino cha sentimita 2 na nusu hivi na soli isiyo na meno makubwa vinatosha kabisa kuanzia. Gambuti hapana, zina upana wa kukwama. Kikuku chenyewe kizidi upana wa kiatu kwa sentimita 2 hadi 3. Kikiwa chembamba mguu hunaswa, kikiwa kipana mno mguu wote hupita.

Sasa neno la mwalimu, kwamba asipopanda papo hapo hatapanda tena. Linaweza kumfaa mtu mzima aliyeteleza bila kuumia na anayejua kwa nini ameteleza. Lakini binti yako alirudishwa juu ya farasi yuleyule, kabla mtu hajamwangalia kichwa na kabla mtu hajamwambia kwamba tandiko ndilo lililopinduka. Je, inawezekana tumbo la Jumamosi linatoka hapo, zaidi ya kutoka kwenye kule kuanguka? Huenda mwili wake umejifunza kwamba jambo baya likitokea, hakuna atakayesimamisha mambo amsikilize. Simhukumu mwalimu. Mtu mmoja na watoto 6 wanaoanza, wakiwa tayari kwenye telki, hana macho ya kuwatosha. Kwa kawaida mtoto wa masomo 5 bado huongozwa kwa kamba, au huzungushwa peke yake kwa kamba ndefu ya mita 8 hivi, mwalimu akiwa katikati akidhibiti mwendo, ili mtoto ashughulikie mwili wake tu: sikio, bega, nyonga na kisigino kwenye mstari mmoja wa wima. Kusimama na kugeuka hutangulia, telki hufuata. Na kabla ya kuachiwa hatamu hufundishwa kushuka kwa dharura, kwanza farasi akiwa amesimama: miguu yote miwili itoke kwenye vikuku, ainame shingoni mwa farasi, arushe mguu nyuma, atue amekunja magoti, kisha asogee kando.

Nimejiuliza pia kuhusu hilo neno "kukata tamaa". Jumamosi iliyopita binti yako alikataa kupanda, kisha akabaki zizini mpaka mwisho. Hakumkataa farasi. Kuna upande mzima wa elimu ya farasi unaofanyika mtu akiwa amesimama chini, na huenda alijichagulia darasa lake mwenyewe bila mtu kuliita hivyo.

Darasa hilo lina mambo mengi. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso, kwa hiyo mtoto hufundishwa kumwendea kwa upande wa bega la kushoto, akimsemesha, na kumgusa bega kwanza. Brashi ya mpira yenye meno huzungushwa shingoni, begani na mbavuni ili kuinua vumbi, haitumiwi usoni wala kwenye mifupa ya miguu. Brashi ngumu hufagia, laini humalizia na kupanguza uso. Kwato husafishwa mtoto akielekea mkiani: mkono unashuka kutoka begani mpaka chini, anabonya kidogo juu ya kifundo, farasi anainua, naye anachokoa uchafu kutoka kisiginoni kuelekea mbele, akiikwepa ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Asipige goti wala kuketi chini. Achuchumae, ili aweze kuruka kando. Akimwongoza atembee usawa wa bega, kamba inayozidi aikunje mkononi. Asiizungushe kwenye kiganja kamwe, maana farasi akishtuka kitanzi hukaza na kuvunja vidole. Na akimfunga, amfunge kwenye kitanzi cha uzi wa mkonge kilichoshikizwa kwenye pete, ili farasi akivuta kwa hofu uzi ukatike kabla shingo yake haijaumia. Hapo ndipo pia angejifunza kukaza mkanda kwa mikono yake na kuupima kwa vidole vyake.

Njia hii nayo ina hatari zake. Watoto hukanyagwa vidole, huumwa, hupigwa teke, na wengi huumia wakiwa wamesimama ardhini, hawajapanda. Mtu mzima asimame karibu muda wote. Huenda pia shamba halina utaratibu huo, au linakubali tu kwa kumwachia saisi aliye na kazi nyingine 10. Na kuna hili: mtoto anaweza kujificha zizini miezi mingi huku kupanda kukizidi kuonekana mlima.

Kuendelea kupanda kwenye shamba hilohilo kunawezekana, mambo yakibadilika. Jumamosi moja nenda peke yako, ukazungumze nao bila mtoto kusikia. Uliza kama masomo 5 yaliyobaki yanaweza kugeuzwa kuwa ya nusu saa nusu saa, mtoto peke yake, kwenye kamba, juu ya poni, na helmeti ya farasi ya kuazimwa ikiwepo. Ukiwa hapo tazama migongo ya farasi mahali tandiko linapokaa: kidonda au manyoya yaliyonyonyoka yana maana kwamba mnyama anabeba maumivu, na wenye maumivu humrusha mpandaji. Uliza kama wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoenezwa na usubi, na kama huingizwa ndani kabla ya magharibi wakati wa mvua. Shamba linalojibu maswali haya bila kuudhika limekuambia jambo. Hata hivyo farasi hubaki mnyama wa kushtuka. Mfuko wa plastiki ukipeperuka, hata poni mpole huruka kando, na hakuna ahadi ya mwalimu yeyote inayoweza kuliondoa hilo.

Na kuacha kabisa? Ni chaguo halali, na lisikutie aibu. Ana miaka 9, farasi hawaendi popote, na Sh10,000 zilizobaki zisiwe ndizo zinazompandisha. Hatari ninayoiona ni ya namna utakavyoacha. Akitolewa kimyakimya, anaweza kubaki akiamini kwamba alifukuzwa na woga wake, ilhali mkanda ulikuwa umelegea.

Ya mama mkwe sitayakawiza. Katika mashamba hayo wanaoamka na farasi, wanaowalisha na wanaojua yupi leo ana maumivu ni masaisi, Wakenya wenzetu. Lakini chini ya neno lake huenda kuna hofu ya mjukuu kuumia, na hofu hiyo mnayo nyote wawili.

Nimebakiza lililo zito kwako. Rudi kwenye lile neno la kwenye matatu. Mtoto alihisi tandiko linateleza, akanyamaza asije akaitwa mwoga. Baada ya kuanguka akaambiwa anyamaze tena, na mtu anayempenda. Najua ulifanya hivyo kumlindia raha yake, na pengine kulinda amani ya nyumba. Lakini uamue lolote kuhusu farasi, mtoto huyu anahitaji kujua kwamba akihisi jambo haliko sawa, sauti yake inaruhusiwa kusimamisha kila kitu. Unaonaje ukianza naye kabla ya baba? Umwambie kwamba kumwomba siri lilikuwa kosa lako, na kwamba siri hiyo umeiondoa mabegani mwake.

Kwa mumeo, naona unaogopa atakataa. Huenda, na alishasema. Ukimwambia, unaweza kuyapoteza masomo yote 5, hilo sikufichi. Nawe unamjua kuliko mimi, kwa hiyo wakati na mahali pa kusema ni pako kuchagua. Ninachouliza ni kama ile kauli yake ilikuwa sheria, au ilikuwa namna ya baba aliye mbali kusema kwamba anaogopa na hayupo kuona. Habari inayokuja pamoja na majibu ya daktari, sababu ya tandiko kupinduka, na swali "wewe unaonaje?" husikika tofauti na habari anayoigundua mwenyewe baadaye. Na binti aulizwe pia, mbele yenu wote wawili: kupanda, zizini tu, au kupumzika kwanza. Jibu lake si lazima liwe la mwisho, lakini alisikie likizungumzwa.

Daktari akishamwona na kichwa kikatulia, mkipenda, chezeni hivi sebuleni. Aketi kwenye mkono wa kochi, wewe ushike kamba kama mwalimu. Kila unapoutikisa mkono wa kochi, aseme kwa sauti inayofika jikoni: "Simama, mkanda umelegea." Nawe usimame kila mara, hata akitania.

Uniandikie daktari akishasema.

Shangazi